Sapu ya Papo kwa Papo

Kwenye darasa letu la jazi ilikuwa marufuku kujiandaa. Daktari Francis alilisema hilo siku ya kwanza kabisa, akiwa amekalia meza badala ya kiti, mguu mmoja unaning'inia, ule mkao wa wahadhiri waliosoma nje na wanaotaka ujue kwamba wamesoma nje. "Ubunifu wa papo kwa papo," akasema, "ni kumwaga kilichomo moyoni, hapo hapo ulipo. Anayekuja hapa na kitu alichokikariri bwenini, mlango ule pale." Wenzangu wakaandika. Mimi sikuandika, nilimwamini tu, na hilo ndilo lililonigharimu.

Maana ukweli wa kozi ile ulikuwa mwingine. Kila aliyefaulu mtihani wa vitendo alifaulu kwa solo moja, na solo yenyewe ilikuwa ya Daktari mwenyewe, aliyoirekodi zamani akiwa masomoni Ulaya. Hakuna aliyeamrisha. Ilikuwa inarithishwa tu kwenye simu, mwaka wa tatu wanawapa wa pili, wa pili wanawapa wa kwanza. Siku ya mtihani mtu anasimama, anafumba macho, anajitia kutafuta, halafu anaiachia solo ya Daktari sauti kwa sauti, bila kuongeza wala kupunguza. Na Daktari naye anafumba macho, anatikisa kichwa taratibu, anasema, "Huyu sasa ametoka moyoni."

Mwenzangu wa chumbani, Happiness, mpiga kinanda, alijaribu kunielekeza. Alinikalisha kitandani akanichezea ile solo kwenye simu yake.

"Hapa katikati unakunja uso," akasema. "Hapa unatulia kidogo, ujifanye umepotea. Halafu unapata njia."

"Na kama sijapotea?"

"Utafeli, shoga yangu. Kajipotezepoteze."

Nilimwona mnafiki. Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko, nimejifunza tarumbeta kwenye bendi ya parokia, nimepiga kwenye harusi za Waislamu na Wakristo tangu niko shule ya msingi, leo niambiwe nikajipoteze kwa maigizo? Nikaingia mtihanini mikono mitupu kama tulivyoambiwa, nikapiga kilichokuja. Sisemi kilikuwa kizuri. Kuna mahali nilikwama, nikahangaika, nikatoka jasho, nikajinasua. Daktari alinitazama muda wote macho makavu. Kwenye matokeo aliandika kwamba mwanafunzi hajiachii na hana ubunifu, akanipa sapu.

Kwa asiyejua maisha ya chuo, sapu ni mtihani wa marudio. Ukiifeli hiyo unadisko, yaani unafukuzwa, unafungasha godoro lako unarudi kwenu. Na kwetu pale Masoko mama yangu, Rosalia, alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wote kwamba binti yake Witness anasomea tarumbeta chuo kikuu Dar. Walimcheka. Walimuuliza kama na filimbi nayo ina digrii. Mama akavumilia, akawa anawajibu kwa upole kwamba wangoje amalize. Mimi kurudi na godoro maana yake ni mama kupita sokoni ameinamisha kichwa, na hilo sikuwa tayari kuliona.

Basi Daktari akapata mwaliko wa kutumbuiza kwenye tamasha la utamaduni huko huko Masoko. Akaniita ofisini, amefurahi.

"Wewe si wa kule? Utakuja na bendi. Mimi nitapiga solo yangu, na baada yangu utapiga wewe. Hiyo ndiyo itakuwa sapu yako. Mbele ya watu wenu, ujiachie."

Nikasema ahsante, Daktari. Na safari hii nilikuwa nimepata akili. Likizo nzima niliishi na ile solo yake. Nikaikariri nyuma ya nyumba ya mama karibu na banda la kuku, asubuhi na jioni, pamoja na kukunja uso, pamoja na kupotea. Mama alikuwa anapeta mchele, akaniuliza huo ni wimbo gani ninaurudia kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Ni ubunifu wa papo kwa papo, mama."

"Sawa, mwanangu. Mradi ufaulu."

Siku ya tamasha ratiba ilisema tuanze baada ya adhuhuri. Nani kwetu amewahi kuona mgeni rasmi akifika kwa ratiba? Tulikaa chini ya turubai tunapepea nzi, viti vya mbele vitupu, watu wamejaa nyuma na pembeni mpaka kwenye vibanda vya chipsi. Alipofika zikaja hotuba, na shukrani za hotuba, na mwisho ngoma za shule. Bendi yetu inaitwa jukwaani, alasiri hiyo imefika.

Sasa hapa lazima nieleze kitu ambacho sisi wa Masoko hatuelezani. Adhana ikipigwa, mwenye muziki anazima. Kinyozi anazima, muuza simu anazima, matarumbeta ya harusi yanateremka midomoni hata kama bibi harusi yuko mlangoni. Dini yako haiulizwi. Mimi Mkatoliki nimezima tangu nina akili. Na mtu hawashi tena kwa sababu msikiti mmoja umemaliza. Kila msikiti una saa yake: unaanza wa sokoni, unafuata wa juu huko karibu na ofisi za wilaya, na wa mwisho ni wa bandarini, ambako muadhini ni Mzee Rashidi, na Mzee Rashidi hakimbizwi na mtu. Katikati ya mmoja na mwingine kuna kimya cha kumdanganya mgeni. Mwenyeji hudanganyiki, unangoja mpaka umsikie Mzee Rashidi amemaliza, ndipo dunia inaendelea.

Daktari alikuwa mgeni. Akashika kipaza sauti, akawahutubia watu wetu juu ya uhuru. Akawaambia jazi ni kuishi ndani ya dakika, akawaambia msanii wa kweli hajui sauti yake ijayo. Halafu akainua saksafoni, akasema kwa ile sauti ya kunong'ona ya watu wazito, "Nitakachokipiga sasa hakijawahi kupigwa, na hakitapigwa tena duniani."

Mshereheshaji, Mjomba Saad, ambaye siku nyingine huendesha harusi, hakutaka kupitwa. "Ndugu zangu, mmesikia wenyewe. Ukienda kununua maji, umekosa. Hakirudi."

Daktari akafumba macho akaanza. Ilikuwa ile ile, bila shaka. Niliifuata kimoyomoyo, vidole vyangu vinacheza vyenyewe juu ya tarumbeta. Niseme haki, ni solo nzuri, na anaipiga vizuri. Watu walitulia. Akafika mahali pa kukunja uso, akakunja, na hapo hapo msikiti wa sokoni ukaanza adhana. Mjomba Saad akamwonyesha kiganja. Daktari, kwa adabu nzuri kabisa, akashusha saksafoni akainamisha kichwa. Uwanja mzima kimya, wanawake wanajifunika mitandio vizuri.

Adhana ikaisha. Nikamsogelea.

"Mwalimu, subiri kidogo. Bado misikiti mingine."

Akaweka kidole mdomoni. "Witness. Jukwaani hatusemi. Tunasikiliza."

Haya. Nikarudi mahali pangu.

Akainua saksafoni. Mtu anayemwaga kilichomo moyoni, ukimkatiza anaendelea kutoka popote, maana moyo bado uko pale pale. Lakini mkatize mtoto anayeghani ngonjera mbele ya mkuu wa wilaya uone atakapoanzia. Daktari alirudi mwanzo. Mwanzo wenyewe, ule wa kufumba macho na kuvuta pumzi. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ule mteremko, ule mgeuko, vyote kama vilivyokuwa. Mpiga besi wetu alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama turubai.

Watu wa Masoko wana masikio. Wamelelewa na taarabu na matarumbeta, mtu hawezi kuwauzia kitu kile kile akadhani hawajui. Nikamsikia mama mmoja upande wa vibanda anamuuliza mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Si ndicho kile kile?" Mwenzake akamjibu, "Ndicho. Labda mwanzo kilikuwa majaribio."

Akafika tena pale pale pa kukunja uso, na msikiti wa juu ukaanza. Akashusha saksafoni. Safari hii midomo imekaza, shati limeloa mgongoni. Adhana ikaisha, akanitupia jicho la kuiba. Alikuwa anaomba msaada, nilimwelewa, lakini jukwaani hatusemi, tunasikiliza. Nikajikausha.

Akaanza upya. Na sasa watu walikuwa wameishika. Wanawake wa nyuma walianza kuivumisha kwa midomo iliyofungwa, wakaongeza makofi, vijana wa bodaboda wakadakia, na ilipofika kwenye ule mteremko uwanja mzima ukateremka naye. Alipokunja uso, Mzee Rashidi akaanza bandarini.

Hapo palikuwa na kazi ya kujizuia. Watu waliziba midomo kwa khanga, mabega yanatikisika, lakini heshima ni heshima, hakuna aliyetoa sauti mpaka Mzee Rashidi alipomaliza neno lake la mwisho. Kikafuata kicheko kimoja kikubwa, cha upendo kabisa, halafu wakamwanzishia wenyewe. Naam. Daktari hajainua chombo, uwanja umekwisha kuimba mwanzo wa kitu ambacho hakitapigwa tena duniani. Ilibidi awafuate. Akapiga mpaka mwisho huku wanaimba, mama mmoja akapanda jukwaani akamfuta jasho kwa mtandio kama anavyofutwa mwimbaji wa taarabu, vigelegele vikapigwa, mgeni rasmi akasimama kupiga makofi.

Sikuwahi kumwona mtu aliyeshangiliwa namna ile akiwa na sura ile. Alikuwa kama mtu aliyefunuliwa sufuria lake mbele ya wageni.

Na mimi ndiye niliyefuata.

Nilikuwa nimekwisha, nawaambieni. Kile nilichokikariri likizo nzima sasa kinajulikana mpaka na wauza chipsi. Nikikipiga, Daktari atasemaje mbele za watu kwamba kimetoka moyoni mwangu wakati uwanja mzima unanisaidia kukiimba? Nisipokipiga, ndani ya tarumbeta hamna kitu kingine. Mbele kabisa, kiti cha kwanza kutoka ubavuni, mama yangu amekaa na gauni lake la Pasaka.

Daktari alinipita akienda kukaa. Akainama kidogo, akaniambia chini chini, "Usipige ile."

"Ipi, mwalimu?"

 Tulitazamana, na nikajua kwamba anajua, na kwamba alikuwa anajua miaka yote. Kila alipofumba macho pale darasani akatikisa kichwa, alijua anasikiliza nini. Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata. Watu wangapi aliwafelisha kwa kupiga cha kweli, na mimi mmojawapo.

Nikaweka tarumbeta mdomoni sina hata sauti moja kichwani.  Sauti za kwanza zilikuwa mbaya, ya pili ilipasuka kabisa. Halafu ile hasira ikapata njia. Nilimpigia Daktari mguu wake unaoning'inia, nikampigia Happiness na mafunzo yake, nikapiga lile neno "hajiachii" mpaka likaisha utamu. Nikakwama mahali, nikarudia kukwama kwa makusudi, kukwama kwenyewe kukawa na mwendo, mpiga ngoma akanisikia akanifuata, mpiga besi akaacha kutazama viatu. Sikujua sauti yangu ijayo. Nilifurahi. Nasema wazi, katika maisha yangu sijawahi kufurahi vile.

Watu wangu wa Masoko walinisikiliza kwa huruma.

Walikuwa wanangoja ile ya Daktari. Wamekwisha kuishika, wamejiandaa kuiimba, na mimi ninapita huku na huku wala siifikii. Nikaanza kusikia minong'ono. "Mbona anakosea?" "Ameisahau, maskini." Mama mmoja mwenye roho nzuri akaanza kuivumisha taratibu ili nikumbuke, wengine wakamsaidia. Nikatupa jicho kiti cha mbele. Mama yangu mzazi alikuwa amenikazia macho, midomo inatembea, ananitajia sauti moja moja jinsi mama anavyomtajia mtoto sala aliyoisahau mbele ya padri.

Nilimaliza. Wakanipigia makofi ya pole.

Mama akanipokea chini ya ngazi na soda mkononi. Akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Lakini mwalimu wako ameirudia mara zote zile, mbele ya watu wote, anakuelekeza. Na bado hujaishika?"

Ningemwambia nini? Nikaipokea soda. Nikamwambia nilipatwa na woga, mama.

Daktari alinifuata nyuma ya jukwaa watu walipoanza kutawanyika. Alisimama anafungua na kufunga kishikizo cha shati.

"Ulichopiga ni kipya," akasema mwishoni. "Na ni kizuri. Sijasikia mwanafunzi akipiga hivyo."

Nikaona nimepona. Nilikuwa karibu kulia.

"Lakini siwezi kukupa alama kwa kitu kilichotokea mara moja tu. Nitajuaje kama hukubahatisha? Chuo kina taratibu. Njoo Dar ukakipige tena kama kilivyokuwa, nikisahihishe vizuri."

"Kama kilivyokuwa, mwalimu?"

"Kama kilivyokuwa. Yule kijana wa pikipiki amerekodi, nimekwisha kumwomba anitumie."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania, na hakuona cha kuchekesha. Mtu yule yule ambaye nusu saa iliyopita alishindwa kuendelea kutoka katikati.

Kijana wa pikipiki alikuwa Twalib, jirani yetu. Alinipa na mimi hiyo rekodi, na minong'ono yote imo ndani, "anakosea" na "maskini." Nikarudi kwenye banda la kuku kujikariri. Nyie mnadhani ni rahisi? Ile ya Daktari niliishika siku za mwanzo tu za likizo, yangu ilinitesa. Kile nilichokipiga kwa hasira, nikikaa kwenye kigoda nimeshiba hakitoki. Kuna mahali vidole vyangu mwenyewe vilipita kwa mwendo ambao sijui vilipitaje, nikarudisha rekodi nyuma tena na tena mpaka Twalib akaniuliza kama nimegombana na simu. Nikakariri vizuri, na makosa nikayakariri, maana Daktari anayo rekodi na yeye. Ile sauti iliyopasuka mwanzoni ilinichukua asubuhi nzima kuipasua vilevile.

Nikaenda. Chumba kidogo, mimi na Daktari tu. Aliweka simu mezani, akachomeka kifaa cha kusikilizia rekodi kwenye sikio moja, sikio la pili akaliacha wazi anisikilize mimi, akashika penseli. Nikafumba macho. Nikapasua pale pa kupasua. Nikakwama pale pa kukwama, nikarudia kukwama kwa makusudi yaleyale, bila ngoma, bila besi, bila hasira hata chembe, moyoni ninahesabu tu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nilisikia penseli ikipita karatasini, vyema, vyema, mahali pamoja ikasita, ikaendelea.

Nilipomaliza akachomoa kifaa sikioni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kilwa.

"Umeona? Umeteleza kidogo tu pale kwenye mpando. Lakini sasa umejiachia." Akanipa mkono. "Umefaulu."

Nikamwambia ahsante sana, mwalimu. Ningependa kuwaambia nilisema kwa dhihaka. Nilisema kwa moyo wote, nikatoka pale nikampigia mama simu kabla hata sijafika ngazini.

"Mama, nimefaulu. Sidisko."

Nilisikia anashusha pumzi, halafu anamwambia mtu pembeni yake amefaulu, amefaulu.

"Bwana asifiwe, mwanangu. Kwa hiyo ile ya mwalimu umeishika?"

"Hapana, mama. Nimepiga ile yangu."

"Ile uliyokosea?"

"Ile ile."



"Na wamekufaulisha," akasema. "Basi chuo chenu kina huruma."